Naisi ya Salama: kuchakaa kwa mwamba na nguvu ya jiwe la kujengea

Salama ni mji mdogo wa kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Mwamba wake, kama wa sehemu kubwa ya Ukambani, ni naisi ya Ukanda wa Msumbiji: jiwe lililogeuzwa na joto na mgandamizo kilindini mwa ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, likabaki na mistari myeupe ya kwazi na feldispa, na myeusi yenye mika.

Naisi nzima kwa kawaida huhimili mgandamizo unaozidi megapaskali 100, nguvu inayozidi kwa mbali mahitaji ya nyumba ya kuishi. Iliyochakaa sana huweza kushuka chini ya 25, na hatimaye humeguka mkononi. Wahandisi huipima hali hiyo kwa madaraja 6, kuanzia mwamba mzima hadi udongo.

Kisababishi kikuu ni maji. Mvua, yenye asidi hafifu, hupenya kwenye nyufa na kuigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi. Chuma kilichomo katika mika nyeusi hushika kutu na kulipaka jiwe rangi ya kahawia; mika yenyewe huvimba na kuzidi kulipasua. Kwazi haidhuriki, ila punje zake hukosa cha kuzishikilia. La kuogopwa ni kwamba nguvu hupungua mapema, wakati jiwe bado lina umbo zuri, na likilowa hupungua zaidi. Ndiyo maana jina la mwamba pekee halimsaidii mjenzi: naisi ya juu ya kilima na ile ya mita chache chini yake huweza kutofautiana kabisa.

Nyundo husaidia. Jiwe zima hulia kwa sauti kali; lililochakaa hutoa mshindo mzito. Feldispa iliyofifia kama chaki, au jiwe linalofyonza maji upesi, ni dalili mbaya, hasa kwa msingi. Mistari nayo ilazwe mlalo ukutani, kwa kuwa ikisimama wima jiwe hubanduka kwa tabaka.

Kilichooza hakitupwi. Udongo wa mfinyanzi huchomwa matofali, na kwazi husombwa na mafuriko hadi kwenye mito ya msimu, ikawa mchanga wa ujenzi. Mchanga huohuo huhifadhi maji wakati wa kiangazi, na mwaka 2015 Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchimbaji wake.