Pombe: Katazo la Dola na Katazo la Moyo

Ndugu katika imani, wapo wanaodai kuwa kuharamisha pombe huzaa uhalifu. Ushahidi wao ni Marekani: iliipiga marufuku mwaka 1920, majambazi wa Chicago kama Al Capone wakatajirika kwa magendo, na mwaka 1933 katazo likafutwa. Je, hoja hiyo inaigusa Sharia?

Tutazame kwanza kwetu. Mikataba ya Brussels (1890) na Saint-Germain (1919) ilimzuilia Mwafrika pombe kali, huku Mzungu akinywa. Katazo lilifuata rangi, si uchamungu. Baada ya uhuru, Sheria ya Moshi ya 1966 ilifanya kupika gongo bila leseni kuwa kosa. Gongo haikufa: huko Temeke na Kinondoni ilijificha uani, mpikaji akimkwepa askari bila kumcha Mola wake. Viroba navyo vilipigwa marufuku Machi 1, 2017.

Madina haikuwa hivyo. Katazo liliteremka kwa hatua: al-Baqarah 219, an-Nisaa 43, kisha al-Maidah 90-91. Nyoyo zilikwishaandaliwa, na watu wakaimwaga pombe wenyewe njiani. Taqwa ilipopungua, hata Baghdad ilimsikiliza Abu Nuwas, yule Abunuwasi wa hekaya zetu, akiusifu mvinyo katika mashairi.

Basi pombe ni haramu, dola ikatae au iruhusu. Lakini imamu anayemkemea mama mpika gongo, Mwislamu fukara, bila kumfundisha dini wala kumtafutia mtaji katika zaka, amefanya kazi ya askari tu. Wallahu a'lam.