Upitishaji kamili katika grafini: kuazima na kuamsha

Upitishaji kamili ni hali ya kitu kupitisha umeme bila ukinzani wowote. Heike Kamerlingh Onnes aliigundua mjini Leiden, Uholanzi, mwaka 1911: alipoipoza zebaki hadi karibu nyuzi -269 za Selsiasi, ukinzani wake ulitoweka ghafla. Wapo wanaopendelea “upitishaji mkuu”, lakini ukuu ni suala la kiasi. Shaba ni kipitishi kizuri sana, na hata ukiipoza namna gani hubaki na ukinzani kidogo. “Kamili” inaonyesha kwamba hii ni hali nyingine kabisa.

Grafini ni tabaka moja tu la atomi za kaboni, zilizojipanga kwa maumbo ya pembe sita. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa selotepu kutoka kwenye grafiti, huko Manchester, mwaka 2004. Tabaka hilo likiwa peke yake si kipitishi kamili. Husemwa kwamba hali hiyo “hutiwa” ndani yake, na hapo ndipo istilahi inapohitaji kupambanuliwa.

Mwaka 2007, watafiti wa Delft waliiunganisha grafini na ncha mbili za alumini. Alumini ikipozwa vya kutosha huwa kipitishi kamili, na elektroni zake zilizoungana jozi jozi huvuka mpaka na kuingia kwenye kaboni. Hiyo ni athari ya ujirani. Bila alumini, hali nayo haipo. Huu ni upitishaji kamili wa kuazima.

Mwaka 2018 kundi la Pablo Jarillo-Herrero, huko Massachusetts, Marekani, lilipita njia nyingine. Grafini moja ilichanwa vipande viwili. Kimoja kikainuliwa, kingine kikazungushwa kidogo, kisha vikalaliana kwa pembe ya takriban nyuzi 1.1. Kwa kuwa vimetoka tabaka moja, pembe kati yao hujulikana tangu mwanzo. Katika pembe hiyo elektroni hupunguza mwendo mno, na kusukumana kwao ndiko kunakotawala. Volteji ilipotumiwa kurekebisha idadi ya elektroni hizo, ukinzani ulitoweka kwenye karibu nyuzi -271.5 za Selsiasi.

Hapa hakuna jirani aliyeazimisha kitu. Hali imetoka kwenye kaboni yenyewe, ingawa wanafizikia bado wanabishana kuhusu kinachoziunganisha elektroni hizo. Kitenzi kinachofaa ni kuamsha. Anayeandika “kutia” kwa njia zote mbili anamwacha msomaji akiuliza: imetiwa kutoka wapi?