Chuku na Pampu
Kwetu Mtendeli vijana wenzangu huniuliza: ile pampu inakuza uume kweli? Mimi huanzia kwenye chuku, pembe ya kuumikia. Isipokaa sawasawa kwenye ngozi, hewa hupenya na damu haivutiki. Mwaka 1917 Otto Lederer alipata hataza Marekani kwa kifaa cha kanuni hiyohiyo, cha wasiosimamisha. Baadaye Geddings Osbon, mtu wa biashara ya matairi, alijitengenezea chake. 1982 kikaruhusiwa kuuzwa huko kama kifaa cha tiba. Silinda ikiwa pana mno huvuta na korodani. Ikiwa nyembamba, hubana na kuchubua. Pete ya kuzuia damu isizidi dakika 30. Kusimamisha, sawa. Kukuza moja kwa moja? Hapo wauzaji wanapiga chuku, na anayevuta kupita kiasi huvilia damu.