Niliwaambia Mtupe Sufuria. Nimerudi

Wasee, mnakumbuka ile video ya mwezi wa tatu? Nilikuwa nimevaa aproni nyeupe kwenye jikoni ya mtu (mimi sina jikoni, niko na meza na gesi ya kilo sita), nikisema aluminiamu ni sumu, tupeni hizo sufuria, nunueni chuma kilichopakwa enameli. Haijawahi kutokea video yangu ikaenda hivyo. Nililipwa elfu nane na nikapewa sufuria moja nyekundu ya bure.

Mathe aliiona. Mathe ako na kibanda cha madondo na githeri, na sufuria yake kubwa ni ile nzito ya fundi, ya kuyeyushwa, aliyonunua kabla nizaliwe. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo watu wote nimelisha miaka hii nimekuwa nikiwapa sumu? Hata wewe?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nimesoma ni karatasi moja niliyotumiwa na wenye kuuza. Hata chuo niliacha mwaka wa pili na sikuwa nasomea kemia. Lakini hilo swali lilinikalia kwa roho, nikaanza kusoma yenyewe, na nikajikuta kwenye historia.

Anza na neno lenyewe. Sufuria imetoka Kiarabu, kwa neno la shaba. Kabla ya haya mambo ya aluminiamu, sufuria ilikuwa chombo cha shaba, na shaba nayo ina shida yake: ukipika kitu chenye uchachu, inayeyuka kidogo kidogo kwenye chakula. Ndiyo maana sehemu nyingi za dunia sufuria za shaba zilipakwa bati kwa ndani, na bati likiisha unampelekea fundi apake tena. Watu walijua chombo kinaweza kukudhuru zamani sana kabla ya maabara.

Ama walijua nusu. Warumi wa kale walichemsha maji ya zabibu mpaka yawe mazito kama asali, na waandishi wao wakubwa, Columella na Pliny, walishauri utumie chombo cha risasi badala ya shaba. Risasi hapa ni madini, si ya bunduki, ingawa Kiswahili kimeyapa jina moja na sioni kama kimekosea. Risasi ikikutana na uchachu inatoa chumvi yenye ladha tamu. Yaani walikuwa wanakimbia ladha mbaya ya shaba wakaingia kwenye sumu tamu. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa ubongo.

Sasa aluminiamu, hii niliyoitukana. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, ncha ya juu kabisa waliiweka ya aluminiamu, kwa sababu ilikuwa madini ya kifahari. Miaka miwili baadaye, 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Hall kule Ohio na Paul Héroult Ufaransa, waligundua njia ileile ya kuitoa kwa umeme. Wote walizaliwa 1863, kwa hivyo walikuwa rika langu hivi. (Mimi kwa umri huo nimegundua jinsi ya kupanga taa ya kurekodia.) Bei ikaanguka. Madini ya kukaa juu ya mnara yakawa sufuria ya kila nyumba.

Na aluminiamu yenyewe, ile safi? Inaingia kwenye chakula kidogo, hasa ukipika nyanya ama kitu cha ndimu, ama ukiacha chakula kilale ndani. Lakini mwili wenye afya unafyonza chini ya asilimia moja ya hiyo, na figo zinatoa. Mtu mwenye ugonjwa wa figo ndiye anafaa kuwa makini. Ile hofu kwamba inaleta ugonjwa wa kusahau haijathibitishwa. Mimi niliisema kama ni ukweli.

Shida iko kwingine. Fundi anayeyeyusha sufuria hanunui aluminiamu safi, ananunua skrepu: vipande vya injini, rejeta, mikebe, vitu vya kompyuta. Vyote vinaingia kwenye moto mmoja, na ndani ya hiyo mchanganyiko risasi inaweza kujificha. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo 42 vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemsha ndani yake asidi hafifu kama ya siki. Karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi. Kule Seattle, Marekani, wahudumu wa afya walipokuwa wakitafuta kwa nini watoto wa wakimbizi wa Afghanistan wana risasi kwa damu, walifika mpaka kwenye sufuria za nyumbani kwao. Mwaka 2024 jimbo la Washington likapitisha sheria ya risasi kwenye vyombo vya kupikia.

Sisi tunaijua risasi, tusijifanye. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichafua kijiji kizima, na Phyllis Omido alipigana miaka mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini ile ilikuwa na moshi. Hii ya sufuria haina moshi wala harufu.

Na ile nyekundu yangu? Enameli ni kioo. Unga wa kioo unayeyushwa juu ya chuma kwa joto la digrii kama 800, unashika. Mwaka 1925 Wabelgiji wawili, mmoja fundi wa kusubu chuma na mwingine wa enameli, walianzisha Le Creuset kaskazini mwa Ufaransa, na rangi yao ya kwanza ilikuwa ya machungwa. Ikitengenezwa vizuri ni chombo poa sana, nyanya haifiki kwenye chuma. Lakini zamani enameli nyingine ziliwekwa risasi ziyeyuke haraka, na rangi nyekundu na ya machungwa mara nyingi hutoka kwa kadimiamu, ambayo pia ni sumu. Kwa hivyo swali ni nani ametengeneza, na ameweka nini. Niliwauliza wale walionilipa wanionyeshe vipimo vya rangi yao. Wamesoma ujumbe, alama za buluu ziko hapo, mpaka leo kimya.

Nilirudi kwa mathe nikamwambia ukweli: sufuria yake siwezi kuijua kwa macho, na risasi haitoki kwa kusugua. Tena kusugua na stilwaya ndiyo kunafanya iachie zaidi. Nikamwambia madondo yenye nyanya ayahamishie kwa ile nyepesi ya kiwandani ama stenlesi, na chakula kisilale ndani ya ile nzito.

"Stenlesi ya lita hamsini ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akacheka vile hucheka mteja akiomba madondo ya ishirini bob.

Video nimeifuta. Ile elfu nane siwezi kurudisha, ililipa kodi. Ile nyekundu nimeuza kwa mtu niliyemweleza yote haya kwanza, akachukua tu kwa bei ya chini, na hiyo pesa imeanza mfuko wa stenlesi. Sufuria nzito sasa inachemsha maji ya kuosha vyombo. Githeri bado inapikwa ndani yake Jumamosi, siku watu ni wengi, na mathe ameniambia nisiandike hiyo.