Tirikeza

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulipita Mpwapwa, ukavuka Ugogo, kisha ukafika mbele ya pori lililoogopwa na kila mpagazi. Pori hilo liliitwa Mgunda Mkali. Lilitenganisha Ugogo na Unyamwezi, na maji yake yalikuwa ya vidimbwi na visima vichache vilivyo mbalimbali. Mpagazi aliyebeba frasila mbili begani, yaani ratili 70 hivi, hakuweza kwenda mwendo mrefu chini ya jua la kiangazi bila kunywa.

Wapagazi, ambao wengi walikuwa Wanyamwezi, walikuwa na utaratibu wao wa kulivuka. Wazungu waliopita nao waliliandika neno lao kuwa "tirikeza". Msafara ulipumzika penye maji asubuhi. Watu walipika, wakala, wakanywa na kujaza vibuyu. Adhuhuri ilipopita waliondoka, wakatembea hadi jioni, wakalala mahali pasipo maji. Kabla ya mapambazuko walikuwa njiani tena, na jua lilipoanza kuwa kali walikuwa wamefika kwenye kisima kingine. Kwa hiyo mwendo uliohitaji siku nzima ya kiu uligawanywa mara mbili, na sehemu yake kubwa ikapita katika saa za ubaridi.

Wapagazi hawakuwa na uwezo wa kuongeza maji ya Mgunda Mkali, wala hawakujaribu kushindana na jua. Walipanga saa zao upya. Naliona jambo hilo kuwa na maana kwetu sisi tunaoishi Tabora wakati huu ambapo mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi yamefika hadi kwenye vilabu vya pombe.

Kalenda yao yote ilifuata mpango huohuo. Nchi ya Unyamwezi hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Wanaume waliondoka kwenda pwani baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya kulima. Aliyeipuuza kalenda hiyo aliumia. Livingstone alikaa Kwihara, jirani na hapa Kipalapala, hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley. Alipoondoka kuelekea kusini, mvua zilimkuta katika vinamasi vya Bangweulu, na huko ndiko alikofia mwaka 1873, mwili wake ukiwa umechakazwa na maradhi.

Sitaki msomaji adhani kwamba naisifu njia ile. Ilikuwa pia njia ya watumwa. Mapadri Weupe walipoweka kituo hapa Kipalapala katika miaka ya 1880, miongoni mwa watu waliowapokea ni watoto waliokombolewa utumwani. Miembe tunayokaa kivulini mwake leo ililetwa na biashara hiyohiyo ya pembe na watu. Lakini maarifa ya wapagazi kuhusu maji, jua na majira yalikuwa yao, nasi tunaweza kuyarithi bila kuurithi uovu ule.

Miaka 74 baada ya kifo cha Livingstone, watu wenye trekta walionyesha kinyume cha tirikeza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika. Mashamba yalikusudiwa kuwa ya mamilioni ya ekari, katika Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu Urambo. Matrekta yaling'oa pori. Lakini Kongwa iko Ugogo, nchi ambayo wenyewe huijua kwa ukame na njaa. Mvua haikunyesha kama ramani ya ofisini ilivyotaka, na udongo wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikashindwa kuchimbuliwa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Urambo haikurudi kuwa pori. Katika miaka ya 1950 ilianza kulima tumbaku, na tumbaku ikaenea Tabora nzima. Hapo ndipo penye fundo la maneno yangu. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, siku kadhaa mchana na usiku. Kuni hizo ni miombo yetu: mitundu, miyombo na mininga. Kila mwaka mkulima huenda mbali zaidi kuzitafuta. Juu ya hayo kuna mkaa unaokwenda mijini, na mifugo iliyohamia kwetu kutoka nchi zilizokwisha nyasi.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Najua ada za vijana wengi wa mkoa huu zilitoka wapi: zilitoka kwenye bani. Kwa hiyo simwambii mkulima wa tumbaku kuwa yeye ni adui wa nchi. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia, na mtu wa Sikonge mwenye ekari mbili hakuchangia hata punje. Ila joto la dunia, lililokwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu enzi za misafara, halimwulizi mtu alichangia kiasi gani. Tumeona ukame wa mwaka 2006 uliozima umeme nchini. Tumeona mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na zile za 2023 na 2024. Huko Ujiji na Kigoma, mwisho wa njia yetu ya zamani, maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda katika miaka hii na kuingia bandarini na majumbani. Mvua inapobadilika hivyo, mwenye msitu karibu naye ana kivuli, asali, uyoga na dawa za kumvusha. Aliyeumaliza msitu anabaki na jua.

Wako majirani waliokwisha kurudi nyuma kutoka ukingoni. Shinyanga iliwahi kufyekwa sana, kwanza kufukuza mbung'o, kisha kwa pamba na mifugo. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa mvua ili itumike kiangazi. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, ngitili nyingi zilikufa kwa sababu wenyewe waliwekwa mbali nazo. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Baada ya kujaribu kugawa miche, mradi ulitambua kuwa desturi ya wenyewe ilikuwa na nguvu kuliko miche. Ngitili zilirudishwa, za familia na za vijiji, na visiki vikachipua. Zaidi ya hekta 300,000 zilipona.

Basi sisi tufanye nini? Nitataja machache ambayo hayahitaji kumsubiri mfadhili. Mwenye bani apande miti ya kuni inayokua haraka kwenye shamba lake lililochoka, na ajenge bani la kisasa linalokula kuni kidogo. Kisiki cha mtundu kiachwe kichipue, kisichomwe moto. Mrina asali aache kumchuna mti gome zima kwa ajili ya mzinga mmoja, maana mti hufa. Mzinga wa mbao hudumu miaka. Nyumba ya bati iwe na mfereji na tangi, hata kama bomba la Ziwa Victoria limefika mjini. Mtama na mihogo visidharauliwe mbele ya mahindi. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa kijiji kabla mbegu hazijanunuliwa.

Na shule ziandike mvua. Chuoni kwetu wanachuo walisoma kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi na kuandika daftarini, wakanung'unika kwamba kazi ile haimo katika mtihani. Kipimo ni chombo rahisi, na daftari lake likitunzwa miaka 30 kijiji kitajua kama masika yamechelewa kweli au ni maneno ya wazee tu. Watu wa karanga walikosa daftari kama hilo.

Wapagazi walijua kisima kinachofuata kiko wapi ndipo wakathubutu kulala bila maji. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka huu Kipalapala atalima, au atakula kilicholimwa, katika joto kubwa kuliko letu. Kisima chake ni msitu ambao bado unaweza kuchipua sasa hivi, kama moto wa Septemba hautapitishwa humo tena.