Mtahini Mgeni

Neno heshima, msomaji, lina maana nyingi, na katika habari za vyuo vikuu laweza kutupoteza tusipoangalia. Chuo kinapomvika joho mzee aliyelitumikia taifa lake, akapewa shahada bila ya kuketi hata siku moja darasani, hiyo huitwa shahada ya heshima. Lakini yako masomo ya heshima ya namna nyingine, ambayo hapewi mtu kwa umri wala kwa cheo; kijana huyapata kwa kukubali kusoma zaidi ya wenziwe. Hayo ya pili ndiyo nitakayokusimulia, na hasa jinsi yalivyoingia katika vyuo vya Marekani. Habari yake ina jambo ambalo kila mwanafunzi aliyewahi kumwogopa mwalimu wake atalitambua.

Tuanze na hali ilivyokuwa Marekani karibu na mwaka wa 1920. Vijana waliokuwa wakiingia vyuoni walikuwa wameongezeka sana, na vyuo, kama duka lililojaa wateja, vilitafuta njia nyepesi ya kuhesabu. Kila somo lilipewa thamani ya saa kadha wa kadha, na aliyezikusanya saa zilizotakiwa, aghalabu 120 hivi kwa miaka 4, alihitimu. Mwalimu alisema, mwanafunzi aliandika. Siku ya mtihani mwalimu aliyauliza yale yale aliyoyasema, na mwanafunzi akamrudishia. Mwepesi na mzito walikwenda kwa hatua moja, kama askari katika gwaride. Aliyeweza kukimbia hakuruhusiwa kukimbia.

Mtu aliyeuchukia mwendo huo kuliko wengine alikuwa Frank Aydelotte. Alizaliwa mwaka wa 1880 katika mji mdogo wa Sullivan, jimbo la Indiana. Mwaka wa 1905 alikwenda kusoma Oxford, Uingereza, kwa msaada wa fedha zilizoachwa na Cecil Rhodes. Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwani fedha hizo zatuhusu. Rhodes, aliyekufa mwaka wa 1902, alipata sehemu kubwa ya utajiri wake katika almasi za Kimberley, Afrika ya Kusini. Waliozichimba walikuwa Waafrika, na miaka mingi sana ilipita kabla mtoto yeyote wa wachimbaji hao hajafikiriwa kuwa astahili nafasi ile aliyoipata kijana wa Indiana. Aydelotte hakuwa na hatia katika jambo hilo, lakini mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kulinyamazia.

Huko Oxford aliona wanafunzi wa namna mbili. Walikuwako waliotaka kupita tu, na walikuwako waliosomea heshima. Hawa wa pili walipewa vitabu wavisome wenyewe. Kila juma waliandika insha na kumsomea mwalimu, naye akaipinga, akaisahihisha, akawaonyesha njia nyingine. Hapakuwa na kuhesabu saa. Mwisho wa miaka yote palikuwa na mitihani mikubwa, na mitihani hiyo haikuuliza kijana alihudhuria mara ngapi, bali anajua nini.

Mwaka wa 1921 Aydelotte alifanywa mkuu wa chuo cha Swarthmore, karibu na Philadelphia. Kilikuwa chuo kidogo, kilichoanzishwa na Wakweka mwaka wa 1864, na tangu mwanzo wavulana na wasichana walisoma pamoja. Mwaka uliofuata, 1922, alianza jaribio lake katika sehemu mbili tu, yaani fasihi ya Kiingereza na elimu ya jamii. Hakulazimisha mtu. Mwanafunzi aliyetaka, na ambaye walimu waliona aweza, alisoma kama wenziwe kwa miaka 2 ya kwanza, kisha kwa miaka 2 ya mwisho aliachiliwa: asihudhurie darasa asilolihitaji, asifanye majaribio ya kila mwezi, asihesabiwe saa.

Usidhani, msomaji, kwamba kuachiliwa huko kulikuwa likizo. Badala ya masomo mengi, wanafunzi hao walikuwa na semina mbili tu kwa juma, watu wachache wakiizunguka meza moja, mara nyingi nyumbani kwa mwalimu. Kila mmoja alikuja na karatasi aliyoiandika. Aliyesoma karatasi yake aliulizwa na wenziwe: umelipata wapi neno hili? Mwandishi fulani asema kinyume, wamjibuje? Katika darasa la watu mia mvivu aweza kujificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Katika meza ya watu sita hakuna mgongo wa kujificha.

Lakini kiini cha mpango huo, kwa maoni yangu, hakikuwa semina. Kilikuwa mtahini mgeni. Aydelotte alikata shauri kwamba walimu wa Swarthmore wasiwatahini wanafunzi wao wenyewe wa heshima. Mwisho wa miaka 2 walialikwa wataalamu kutoka vyuo vingine. Waliandika maswali, wakasahihisha majibu, kisha wakafika wenyewe kuwahoji wanafunzi kwa mdomo, mmoja mmoja. Hukumu ilikuwa yao.

Tazama jinsi jambo hilo dogo lilivyobadili kila kitu. Mwalimu anapofundisha na kutahini mwenyewe, mwanafunzi husoma uso wa mwalimu kuliko kitabu: apenda jibu gani, achukia neno gani? Hujifunza kukubali. Lakini hakimu akitoka mbali, asiyejua jina la mwanafunzi wala mazoea ya mwalimu, hila hiyo haifai kitu. Tena mwalimu naye yumo mtihanini, maana mgeni atayaona mapengo ya mafundisho yake. Basi wawili hao, waliokuwa wakitazamana ng'ambo ya meza kama askari wa forodha na msafiri, wakajikuta upande mmoja. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sidhani walikuwa wakifikiri habari za mitihani, lakini yalifaa hapa.

Walikuwako waliopinga. Walisema kwamba kuwachagua wachache na kuwapa vitabu, nafasi na muda wa walimu ni kuumba tabaka la mabwana katika nchi iliyojidai kuwa watu wote ni sawa. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa. Aydelotte aliona kwamba usawa si kumlazimisha kila mtu aende mwendo mmoja, na kwamba kumzuia awezaye ni dhuluma vilevile. Naona alikuwa na haki katika neno hilo. Hata hivyo mlango aliousimamia haukuwa wazi kwa kila awezaye. Wamarekani weusi walianza kupokewa Swarthmore katika miaka ya 1940 tu, baada ya yeye kuondoka kwenda kuiongoza taasisi ya utafiti ya Princeton, ambako Albert Einstein alikuwa mmoja wa wataalamu. Kumbe hata mpango unaodai kutazama akili peke yake waweza kuikataa akili kabla haijafika mlangoni.

Mwaka wa 1944 Aydelotte alitoa kitabu kuhusu masomo ya heshima katika vyuo vya nchi yake. Swali lililobaki lilikuwa hili: yaliyowezekana katika chuo cha wanafunzi mia tano hivi, yatawezekanaje katika chuo cha serikali chenye maelfu? Aliyelishughulikia sana alikuwa Joseph Cohen, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Colorado. Mwezi wa Juni 1957 walimu kutoka vyuo vingi walikutana huko Boulder, na kamati iliyozaliwa ilifanya kazi hadi mwaka wa 1965; mwaka wa 1966 kikafuata chama cha taifa cha masomo ya heshima, ambacho kipo hata leo. Watu husema mara nyingi kwamba Wamarekani waliamshwa na Sputnik, chombo cha Warusi kilichorushwa angani. Ni kweli kwamba Sputnik ilifungua mifuko ya serikali. Lakini ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957, na mkutano wa Boulder ulikuwa Juni. Anayesoma historia na awe na kalenda karibu.

Tangu hapo vyuo vikubwa vilijenga mipango yao, na nafasi zilizotolewa zikawa nyingi: semina ndogo, utafiti pamoja na mwalimu, tasnifu ya mwaka wa mwisho, safari. Mwaka wa 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200, wanafunzi wa heshima kutoka vyuo mbalimbali walikusanywa Washington kwa muhula mzima, na mji wenyewe ukawa darasa lao. Kutokana na mihula ya namna hiyo, Bernice Braid wa Chuo Kikuu cha Long Island aliikuza njia ya kuusoma mji kama kitabu. Wanafunzi hugawanywa katika vikundi vidogo, huenda kwa miguu mitaani, hutazama nani ananunua na nani anauza, husikiliza, huuliza, kisha hurudi kubishana juu ya waliyoyaona. Si lazima uwe Washington kufanya hivyo. Hata Gikomba au Kongowea pangefaa sana.

Vyuo vingine, lakini, viliongeza mambo ambayo yangemshangaza Aydelotte: mabweni ya peke yao, haki ya kuchagua masomo kabla ya wengine, nishani za kuvaa siku ya mahafali. Hapo heshima imeanza kurudi kuwa cheo.

Nasi Afrika Mashariki? Kwetu neno hilo lilikuja kwa njia nyingine. Makerere iliungana na Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1949, na chuo cha Nairobi kikafuata mwaka wa 1961. Vijana wetu walitahiniwa kwa shahada za London mpaka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka wa 1963. Kwa hiyo kwetu heshima imekuwa hasa jina la daraja: daraja la kwanza, la pili la juu, la pili la chini. Semina ya watu sita haikuja pamoja nalo kwa wingi, kwa kuwa walimu walikuwa wachache na fedha chache. Lakini mtahini wa nje alikuja, na hata vyuo vyetu vilipojitegemea mwaka wa 1970 hakufukuzwa.

Huko Swarthmore nako desturi haijaachwa. Kila mwezi wa Mei watahini wageni hufika chuoni, na wanafunzi huingia kwao mmoja mmoja. Mwalimu aliyewafundisha kwa miaka miwili hangoji kwa utulivu kuliko wao.