Peshmerga: Bunduki za Vyama Viwili

Tarehe 22 Januari 1946, katika uwanja wa Chwar Chira mjini Mahabad, kaskazini-magharibi mwa Iran, Qazi Muhammad alitangaza jamhuri ya Wakurdi. Haikutimiza mwaka. Askari wa Kisovieti waliokuwa kinga yake walipoondoka, jeshi la Shah liliingia mjini mwezi Desemba, na Machi 1947 Qazi akanyongwa katika uwanja uleule.

Wapiganaji wa jamhuri hiyo ndio walioitwa peshmerga, na tegemeo lao kubwa walikuwa watu wa Mulla Mustafa Barzani, waliotoka ng'ambo ya mpaka, Iraq. Barzani alikataa kusalimu amri. Akiwa na wafuasi wapatao 500 alikatiza milima ya mpakani kwa miguu, huku wakisakwa na majeshi, hadi Juni 1947 walipovuka mto Aras na kuingia Umoja wa Kisovieti. Maofisa wanne Wakurdi, waliowahi kulitumikia jeshi la Iraq kabla ya kujiunga naye, walikuwa wamejisalimisha. Wakanyongwa Baghdad mwezi huohuo. Barzani alikaa uhamishoni miaka 11, akarudi 1958 baada ya mapinduzi yaliyoung'oa ufalme wa Iraq. Heshima ambayo familia yake inayo mpaka leo ilijengwa kwa sehemu kubwa na safari hiyo.

Vita na Baghdad vilizuka 1961. Peshmerga, kwa suruali zao pana, mishipi ya kitambaa iliyozungushwa kiunoni mara nyingi na vilemba vyekundu na vyeupe vya Wabarzani, wakawa tawi la kijeshi la Chama cha Kidemokrasia cha Kurdistan, KDP. Lakini chama chenyewe hakikuwa kitu kimoja. Mwaka 1964 Barzani alisimamisha vita kwa mapatano na serikali. Ibrahim Ahmad na mkwewe wa baadaye, Jalal Talabani, viongozi wa ofisi ya siasa ya chama, walipompinga, aliwatimua kwa nguvu ya silaha hadi Iran. Mpasuko huo haukuzibika.

Mwaka 1975 ulikuwa mchungu zaidi. Tarehe 6 Machi, mjini Algiers, Shah na Saddam Hussein walipatana kuhusu mpaka wao, na Iran ikakata msaada wote kwa Wakurdi. Ndani ya wiki chache uasi ulisambaratika. Mwezi Juni Talabani alianzisha chama chake, PUK, na kikawa na peshmerga wake. Hata maangamizi ya 1988, pale gesi ya sumu ya jeshi la Saddam ilipoua watu wapatao 5,000 mjini Halabja, hayakuyafanya majeshi hayo mawili kuwa moja.

Nafasi ya kuyaunganisha ilipatikana baada ya maasi ya 1991 dhidi ya Saddam. Katika uchaguzi wa Mei 1992 vyama hivyo viligawana viti vya bunge 50 kwa 50, kisha vikagawana serikali nzima: waziri akitoka chama hiki, naibu wake alitoka kile. Bunduki zikabaki vyamani. Pesa nazo zilileta ugomvi, hasa ushuru wa malori kwenye kivuko cha Ibrahim Khalil, mpakani na Uturuki, uliokuwa mikononi mwa KDP. Mei 1994 wakaanza kuuana. Tarehe 31 Agosti 1996, Masoud Barzani, mwana wa Mulla Mustafa, aliyaita majeshi ya Saddam yamsaidie kuitwaa Erbil kutoka kwa PUK, miaka minane tu baada ya Halabja. Ni vigumu kulisamehe hilo, ingawa PUK nayo ilirudi Sulaymaniyah kwa msaada wa Iran.

Amani ilitiwa saini Washington mwaka 1998, lakini askari hawakuunganishwa. Agosti 2014 peshmerga wa KDP waliondoka Sinjar, na Wayazidi wakaachwa mbele ya wauaji wa Dola la Kiislamu. Oktoba 2017, wiki chache baada ya kura ya maoni ya uhuru, vikosi vya PUK viliondoka Kirkuk jeshi la Iraq lilipowasili. Peshmerga wengi walikufa kishujaa katika vita dhidi ya Dola la Kiislamu. Amri za kukaa au kuondoka, hata hivyo, zilitoka kwa wakubwa wa vyama.

Septemba 2022 Marekani ilitia saini makubaliano mapya na wizara ya peshmerga. Sharti lake mojawapo lilikuwa kwamba Kikosi cha 70 cha PUK na Kikosi cha 80 cha KDP viwekwe chini ya wizara hiyo.